Shahidi wa Tatu

Aprili 4
Mvua kubwa imeanza alfajiri. Ziwa bado liko nyuma ya migunga. Mjukuu wangu Mercyline ameenda kazini na mfuko wa plastiki kichwani.

Aprili 7
Leo nimepigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya taratibu, Daktari Akeyo, kutoka taasisi moja ya utafiti mjini Nakuru. Aliniita Mwalimu, kwa hiyo kuna mtu amemwelekeza vizuri. Nimestaafu ualimu zamani, lakini hapa Kihoto, mtaa wetu wa kando ya ziwa, hata watoto hawajui jina langu jingine.

Wana mafunzo ya miaka mitatu kwa vijana wa jamii ndogo, zile ambazo watafiti wake wote wakikusanywa hawajazi benchi moja la darasani. Mwaka huu kuna nafasi moja kwetu Waogiek, watu wa msitu wa Mau. Moja. Anayeiomba lazima ashuhudiwe na wazee watatu wa koo tatu, ana kwa ana, maana siku hizi watu wa mbali hujifanya Waogiek ili wapenye.

Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko salama. Nilipokuwa mtoto tuliitwa Dorobo, na neno hilo lilitosha kumtoa mtu kwenye foleni ya kisima. Sasa kuna watu wanapanga foleni ili waitwe sisi.

"Wazee wawili wameshamshuhudia msichana mmoja," alisema. "Tunahitaji mzee wa ukoo wako, na tunaambiwa upande huu umebaki peke yako."

"Msichana ni wa nani?"

"Anaitwa Chepkirui Sitonik."

Nilimwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri.

Aprili 8
Niandike hili mara moja, nisilazimike kulirudia.

Siku walipokuja kututoa msituni nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi nyumbani likizo. Askari walichoma nyumba. Kwa hilo walikuwa wametumwa. Lakini mizinga yetu ya nyuki hawakujua ilipo. Mzinga wa gogo ukiwekwa juu ya mtarakwa, mgeni anaweza kupita chini yake maisha yake yote asiuone. Kwa hiyo alikuwapo mtu aliyetangulia mbele yao akinyoosha kidole. Alikuwa Sitonik, jirani yetu, mjumbe wa kamati yetu ya ardhi, mtu aliyelamba asali ya mizinga hiyo hiyo tangu utotoni. Alinyoosha kidole, msumeno ukalia, mti ukaanguka. Akasogea mbele, akanyoosha tena.

Baba aliketi kwenye kibaraza cha kinu cha posho kando ya barabara na akakataa chakula. Tulimzika katika shamba la watu. Pale mitarakwa ilipoanguka Sitonik alipata ardhi, akalima viazi, halafu shayiri, halafu akajenga nyumba Milimani, Nakuru. Mimi nimehamia Elburgon, Njoro, Longonot, na sasa Kihoto, kila mahali nikiwa mpangaji.

Katika ukoo wetu, aliyeharibu mzinga wa mtu halambi asali naye mpaka atamke kosa kwa kinywa chake, mbele ya watu, akitaja mti na akijitaja mwenyewe. Akishatamka, mwenye mzinga humtilia asali kiganjani na neno limekwisha. Na kumshuhudia mtoto pia ni kwa asali: shahidi hulamba pamoja na mzee wa mtoto huyo. Sitonik hajawahi kutamka. Kwa hiyo jibu la Daktari Akeyo ni jepesi. Siwezi. Ninafurahi kwamba siwezi, na ninafurahi zaidi kwamba sitaki.

Aprili 9
Mvua. Maji yamefika kwenye migunga.

Aprili 15
Nimemweleza Mercyline. Yeye ni binti wa binti yangu Chepkosgei, tunakaa pamoja tangu mama yake aende kufanya kazi Nakuru. Anafunga waridi kwenye maboksi katika shamba moja la maua, na ana digrii ya elimu ya mimea ambayo shamba hilo halijawahi kumuuliza.

"Kugo, wacha hizo," alisema. Kugo ni babu kwa lugha yetu, moja ya maneno machache ya kwetu anayoyajua. "Huyo dem alikuwa hajazaliwa."

"Amezaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa na ile shayiri. Amesoma kwa shayiri. Sasa anataka na nafasi ya waliofukuzwa."

"Si pia yeye ni Mwogiek?"

"Ndiyo. Hapo ndipo inaponiuma. Angekuwa wa kujifanya, ningemfukuza bila jasho." Kisha nikamwambia nilichokuwa nimekificha. "Nafasi hiyo ingekufaa wewe."

Akacheka, si kwa furaha. "Mimi ni wa babangu Makhanu, si wa kwenu. Nyinyi wazee ndio mlienda kwao Bungoma mkanywa chai yake mkasema mtoto ni wa babake. Sasa unataka kunirudisha juu ya nafasi moja?"

Alikuwa amenipiga kwa fimbo niliyoichonga mwenyewe.

Aprili 16
Mvua.

Aprili 19
Msichana amekuja mwenyewe. Sikumwita. Aliteremka kwenye bodaboda huko juu ambako lami bado iko kavu, akatembea mpaka mlangoni na buti za mpira. Alinisalimu kwa lugha yetu, vibaya, kama mtu anayetembea kwa viatu vya kuazima, lakini hakukimbilia Kiswahili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia usoni. Ana uso wa kawaida.

Anataka kuchunguza nyuki: kama maua ya msituni bado yanafuatana jinsi wazee wanavyokumbuka, sasa mvua zimevurugika, na kama nyuki wanaweza kuyafuata. Alizungumza vizuri. Halafu akasema jambo lililonifanya niweke kikombe chini.

"Kule kwa shamba letu la shayiri, nyuki huwa wanakuja kila mwaka. Wanatua kwa nguzo za ua, kundi zima, wanazunguka kama watu wamepotea, halafu wanaenda. Nilimuuliza babu kama kulikuwa na mizinga hapo zamani. Akasema hapana, upande ule haukuwahi kuwa na mizinga."

"Alisema hivyo?"

"Kila nikimuuliza. Lakini kuna visiki vya mitarakwa chini ya nyasi. Mwalimu, wewe ulitoka upande ule. Kulikuwa na mizinga?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililirudisha. Likitoka kwangu litakuwa lalamiko la mzee wa kukodi chumba. Ninalitaka kutoka katika kinywa kimoja tu.

"Rudi kwa babu yako," nilimwambia. "Muulize ni nani aliyewaonyesha askari miti. Akikujibu, nitakushuhudia. Asipojibu, usirudi."

Hakulia wala hakubisha. Aliuliza kama anaweza kuliandika swali hilo jinsi nilivyolisema, nikamruhusu, akaliandika.

Aprili 24
Maji yameingia ua wa Adero, jirani yetu wa chini. Amehamishia kuku juu ya paa la choo.

Mei 2
Kiboko ameonekana asubuhi kwenye barabara ya kanisa. Vijana wanavusha watu kwa mashua ndogo na kuwaita abiria boss hata wakiwa kina mama.

Daktari Akeyo amepiga tena. Mwisho wa mwezi ndio mwisho wa kungoja.

"Mwalimu, asiposhuhudiwa, nafasi inarudi kwenye kapu la wote. Haiendi kwa Mwogiek mwingine, hayuko aliyeomba. Inaenda kwa mtu ambaye angepata hata bila sisi."

"Ninaelewa hesabu hiyo."

"Mimi mwenyewe niliingia kwa nafasi kama hii," alisema. "Tulikuwa wanawake watatu kati ya mamia ya wanaume. Kuna waliosema babangu alikuwa karani wa reli, kwa hivyo sikustahili, wangemchukua msichana wa mvuvi."

"Na walikosea?"

"Sijawahi kuwa na uhakika. Lakini nafasi ni ya jamii, Mwalimu. Si tuzo ya kuteseka."

"Basi uniambie jamii ni nani, Daktari. Ni sisi tulioanguka na ile miti, au ni yule aliyenyoosha kidole?"

Hakuuliza kidole gani. Ninadhani msichana ameshamsomea lile swali.

Mei 5
Mvua mchana kutwa.

Mei 9
Leo ziwa limeingia ndani ya nyumba. Halikuja kwa kishindo. Niliamka nikakanyaga sakafu, ikawa maji, yametulia kama mgeni aliyefika mapema na hakutaka kumwamsha mtu. Ndala zangu zilikuwa zinaelea karibu na mlango.

Mercyline alikodi mashua. Tulitoa vitabu kwanza, kisha godoro, redio, na chupa ya asali niliyoletewa na binamu yangu kutoka Mariashoni mwaka jana, ambayo nimekuwa nikiilamba kidogo kidogo. Adero alitusaidia kuinua kitanda. "Yawa, Mwalimu," alisema, "vitabu vyote hivi na hakuna hata kimoja kimekufundisha kuogelea?" Nilicheka. Watu wanane tulicheka ndani ya mashua inayopita juu ya barabara.

Tuko kwenye ukumbi wa kanisa, huku juu. Nimepewa benchi karibu na dirisha. Nimefukuzwa na askari, na mwenye nyumba, na vita vya uchaguzi, na sasa ziwa. Katika wote hao ziwa peke yake halina jina la mtu ndani yake. Siwezi kulichukia. Chuki yangu yote imebaki kwa Sitonik, nzima, haijagawanyika.

Mei 12
Amekuja.

Nilimwona kwa dirisha. Gari lake kubwa lilisimama pale lami inapoingia majini, naye akateremka na viatu vya ngozi. Vijana wa mashua walimwita: "Mzee, panda, mzee, utalowa!" Akakataa kwa mkono. Nadhani hakutaka kuonekana amebebwa. Akavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini, akishikilia fimbo. Ningeweza kutoka nje kumlaki. Nilikaa nikatazama mpaka akafika.

Amezeeka kuliko nilivyotaka. Nilitaka awe na nguvu kidogo.

"Mwalimu."

"Sitonik."

Akatazama benchi langu, vitabu vilivyovimba, sufuria za akina mama kwenye kona. "Nina nyumba Longonot," alisema. "Karibu na reli. Haina mtu. Ina tangi la maji na jiko. Hamia leo, gari iko hapo. Kaa mpaka ufe."

"Nife taratibu, au una haraka?"

"Usinifanyie mchezo. Mimi ni mtu mzima."

"Mchezo ni wewe kuja na nyumba. Unajua ninachotaka, na hakina mabati."

Akakaa bila kuambiwa. Viatu vyake vilitoa maji sakafuni. Alianza kusema kwamba siku zile mambo yalikuwa magumu, kwamba kamati iliambiwa wasiposaidia ardhi yote itapewa watu wa nje, kwamba alikuwa na watoto wadogo.

"Sikukuuliza kwa nini," nilimwambia. "Ya kwa nini kamwambie Mungu, yeye ana subira. Mimi nataka nani, na mti gani. Kwa kinywa chako, mbele ya watu, na mjukuu wako akisikia."

"Mtoto asisikie."

"Yeye ndiye anayeuliza."

"Anauliza kila siku! Mezani, kwenye gari, nikisali. Wewe umemtuma."

"Nilimpa swali moja. Wewe ndiye uliyesomesha mtu wa kuuliza."

"Afadhali akose hiyo nafasi," alisema hatimaye. "Ana baba, ana mali, atasoma kwingine. Akose."

"Basi akose."

"Utamuumiza mtoto asiye na makosa, Mwalimu."

"Mti wa baba yangu ulikuwa na makosa gani?"

Aliondoka. Safari hii alipanda mashua. Naongeza asubuhi: nililala vizuri usiku huu, kwenye benchi la mbao, vizuri kuliko nilivyolala tangu mvua ianze. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli.

Mei 13
Mvua imepungua. Ziwa halijapungua.

Mei 17
Nilidhani Mercyline atanigombeza kwa kumrudisha Sitonik mikono mitupu na kukataa nyumba yenye jiko, wakati yeye analala kwenye mkeka. Alisikiliza yote akikausha soksi kwa pasi ya makaa ya kanisa.

"Mimi bado namhurumia huyo dem," alisema. "Lakini huyo mzee, hapana. Alikuja kukununua na nyumba kama anaongea na broka. Kugo, kaza hapo hapo."

Ni mara ya kwanza tumekuwa upande mmoja. Sikujua nilikuwa ninalikosa jambo hilo.

Mei 22
Daktari Akeyo amepiga. Chepkirui amemwambia hataki nafasi ambayo hajui imesimama juu ya nini. Asipojibiwa kabla ya mwisho wa mwezi, anajiondoa mwenyewe, na ameshamwambia babu yake hivyo.

Sikutegemea. Nilikuwa nimepanga kumnyima kitu, sikupanga akiache.

Mei 26
Wamekuja leo asubuhi, jua limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Sitonik, msichana, na Daktari Akeyo, mwanamke mrefu anayeinama kidogo kusikiliza. Watu wa Kihoto walikuwa wameanika magodoro uwanjani, Adero alikuwa anasonga ugali wa watu wote. Nilitoa kiti kimoja, cha Daktari. Sitonik alisimama.

"Watu wawepo," nilisema. "Hawa wanatosha. Wamehamishwa, wataelewa."

Chepkirui aliwasha simu yake irekodi, akaniuliza kwa macho, nikakubali. Akamuuliza babu yake, naye hakumtazama, ila hakukataa. Akaiweka juu ya magodoro katikati yetu.

Sitonik alianza kwa sauti ndogo, Adero akamwambia, "Mzee, ongea, sisi hatuna siri hapa, hata choo tunatumia pamoja." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amepandisha sauti.

"Mimi Sitonik ndimi niliyewaonyesha askari mizinga ya baba yake huyu. Wa kwanza ulikuwa kwenye mtarakwa uliogawanyika juu ya chemchemi. Wa pili ulikuwa ng'ambo ya chemchemi, kwenye mti ulioinamia mawe. Halafu wa njia ya nyati."

Nilidhani atasimama hapo. Sheria ya ukoo ingetosheka na mmoja. Aliendelea. Mti baada ya mti, ulikaa wapi, ulitazama wapi, tawi gani lilibeba mzinga, mwaka gani ulijaa asali nyeupe. Aliutaja mti mdogo juu ya jabali ambao baba aliniwekea mzinga wangu wa kwanza nilipokuwa mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Yeye hakuusahau.

Chepkirui alikuwa analia bila sauti na bado anaangalia kama simu inarekodi.

Miaka hii yote nilifikiri Sitonik amesahau. Nilimchukia kama unavyomchukia mtu aliyekukanyaga akapita. Leo nimejua kwamba alikuwa na msitu wote wa baba yangu kichwani, mzima, kila tawi, na akamwambia mtoto kwamba upande ule haukuwahi kuwa na mizinga. Alikuwa nao peke yake. Alikuwa akiulamba peke yake.

Alipomaliza aliweka fimbo chini na kunyoosha kiganja, kama inavyotakiwa.

Nilitoa chupa. Nilimwita msichana. "Huyu mtoto ni wa kwetu," nilimwambia Daktari Akeyo. "Mimi ni wa tatu, na nimemshuhudia. Atafanya kazi, kwa sababu hakuacha kuuliza." Nikamtilia Chepkirui asali kiganjani, nikajitilia, tukalamba.

Kiganja cha Sitonik kilikuwa bado hewani. Nilikitazama. Ni kiganja cha mkono ule ule.

Nikafunga chupa.

Adero alishika mwiko bila kuusogeza. Daktari Akeyo aliniuliza polepole, "Mwalimu, imetosha?"

"Kwa mtoto, imetosha."

Sitonik alirudisha mkono taratibu, akaufuta kwenye koti kana kwamba kweli ulikuwa na asali, akainama akatafuta fimbo yake. Chepkirui alimpa. Walipoondoka Mercyline alikuja akasimama karibu nami.

"Kugo," alisema, "wewe ni mbaya." Lakini alibeba kiti cha Daktari, akakirudisha ndani, akaniletea chai.

Mei 27
Hakuna mvua.

Juni 3
Mzee mmoja wa wale wawili waliotangulia amenipigia. Anasema ushahidi wangu haupingi, lakini nimevunja desturi mara mbili: aliyetamka hupewa, na shahidi hulamba na mzee, si na mtoto. Nimemwambia anajua kwangu, aje anishitaki. Hajui kwangu, kwangu kuko chini ya ziwa.

Juni 11
Chepkirui ameanza mafunzo. Amekuja leo, kazi yake ya kwanza ni kukusanya maelezo ya waliotoka upande ule wa msitu, na ameanza na mimi. Tumekaa nje. Maji hayajarudi nyuma. Migunga imesimama ndani yake, mikavu kuanzia kiunoni. Nilimweleza maua yanavyofuatana, na mizinga ilivyohamishwa kuyafuata. Aliuliza vizuri, alirudia pale aliposhindwa kuelewa. Kisha akabadilisha sauti kidogo.

"Mwalimu, kwa nini hukumpa babu asali?"

Ningeweza kumwambia azime simu.

"Kwa sababu alikumbuka kila kitu," nilisema.

"Na desturi inasema umpe."

"Inasema hivyo."

"Nitalazimika kuandika kwamba hukumpa."

"Andika. Weka na jina langu lote, kama tulivyoweka lake."

"Na nikiandika kwamba ulikosea?"

"Ndiyo kazi niliyokushuhudia uifanye."

Aliandika. Alipoondoka aliniuliza kama kuna ujumbe wowote kwa babu yake, ambaye hali chakula vizuri siku hizi. Nilisema hakuna.

Chupa iko hapa, chini ya benchi, pamoja na vitabu. Imebaki robo. Nimeacha kuilamba. Asali haiharibiki, Sitonik ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, na njia ya kuja huku anaijua. Ninaweza kungoja kuona ni nani kati yetu atakayechoka kwanza.